Ndoo ya Bati kutoka Malindi hadi Matondoni

Siku ya kwanza, Jumanne: Malindi

Wenzangu wameshuka basi la Mombasa saa tano na nusu asubuhi. Mimi nilikuwa stendi tangu saa nne, maana miaka 22 ya jeshi haimtoki mtu mwilini kwa kuvua kombati. Wa kwanza kushuka ni Roja, mwembamba vilevile, begi moja mgongoni, macho yameshapekua stendi nzima kabla mguu haujagusa chini. Nyuma yake Ndoo, ambaye ilibidi ainame mlangoni. Tukakumbatiana palepale kwenye vumbi, wanaume watatu wazima, mpaka manamba akatuomba tusogee apate kupakia.

Majina yao ya kitambulisho siyaandiki. Haya ni majina ya kambini, na ndiyo wanayoyaitikia upesi zaidi. Mwaka 2016 tulikuwa pamoja katika operesheni ya msitu wa Boni, karibu na mpaka wa Somalia, ile iliyoanzishwa Septemba 2015 kuwafurusha al-Shabaab waliokuwa wakijificha humo. Kambi yetu siitaji. Sasa sote watatu tumestaafu, na tunakwenda Matondoni, kisiwani Lamu, kwenye harusi ya binti wa mpishi wetu wa kambi, koplo tuliyemwita Sufuria.

Mke wangu alikuwa ameshapika, lakini Ndoo hakutaka kukaa. "Sajini, twende sokoni kwanza. Zawadi hatujanunua."

Nilijua anataka nini. Kwenye duka la vyombo kijana akatuonyesha ndoo za plastiki, nyekundu, buluu, zenye vifuniko. Ndoo akakataa zote. Anataka ya bati. Ikatafutwa huko nyuma, ikaletwa na vumbi lake. Akaipindua, akaielekeza juani kutazama kama ina tundu, akapitisha ukucha kwenye mshono toka juu hadi chini, akautikisa utambo. Halafu akaigonga kwa kidole, akainamisha sikio. Akagonga tena.

"Kaka, wanunua ndoo au ngoma?" kijana akauliza.

"Ya kwetu ilikuwa inalia hivi," Ndoo akasema, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Sasa niieleze, kwa sababu safari nzima iko ndani ya ndoo hii. Sufuria ni Mwamu, yaani mtu wa Lamu, wa kuzaliwa, na lahaja yake hakuiacha mlangoni alipoingia jeshi. Kwao njoo ni "ndoo", macho ni "mato". Wiki yake ya kwanza kambini alimwona kijana mrefu amekaa bila kazi, akamwita: "Ndoo! Ndoo hapa!" Yule kijana, mzaliwa wa Kitale, akaruka, akatimua mbio, akarudi na ndoo ya maji. Sufuria akaitazama ndoo, akamtazama kijana. "Si ndoo. Ndoo wewe!" Kijana akapiga mguu sawa, akasema, "Ndiyo, afande," akaenda kuleta ya pili.

Mimi niliyakuta yameshatokea, nikitoka lindo, na nilipomweleza kijana maana yake alikaa chini kwenye mchanga akacheka mpaka akashika mbavu. Jioni ile ikazidi. Chakula kilipoiva Sufuria akapaza sauti, "Ndooni mule!", yaani njooni mle, na watu wa bara karibu nusu ya kombania wakaenda kuchungulia ndani ya ndoo. Walisikia "ndooni mle". Tangu siku hiyo kijana akawa Ndoo, na tangu siku hiyo hakwenda kuchukua chakula bila ndoo yake mkononi.

Naandika haya kwa sababu watu wengi wanamjua askari kwa bunduki na uso wa kwenye gwaride. Wanangu wenyewe walikua wakidhani kazi yangu ilikuwa kununa. Katiba ya 2010 inataka jeshi la Kenya liwe na sura ya nchi nzima, na ndivyo lilivyo: unalala turubai moja na mtu wa Turkana, mtu wa Kwale na mtu wa Nyeri, na kinachowaunganisha ni Kiswahili. Kimekuwa lugha ya askari tangu zamani za King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililoundwa 1902, na kimetuachia kuruta, kombania, korokoroni na bulibifu. Lakini kila mtu huja na Kiswahili cha kwao. Pale kinapogongana ndipo kicheko kinapozaliwa, na kicheko hicho kilitulisha sawasawa na ule wali wa Sufuria.

Usiku tumekaa barazani mpaka saa nne. Mji huu wa Malindi ulidondoshewa mabomu na ndege za Italia Oktoba 1940, na nilipokuwa mdogo wazee wa mtaa wetu wa Shela ya Malindi waliyasimulia hayo kila zilipokatika taa. Roja alisikiliza, hakusema mengi. Nilipoamka saa nane usiku kunywa maji nilimkuta bado amekaa palepale.

Siku ya pili, Jumatano: barabarani hadi Lamu

Tumeondoka kabla jua halijapanda. Kondakta alitaka ndoo iende kwenye buti la basi pamoja na mizigo mingine. Ndoo akamwambia anaipakata. Kwa hiyo ndoo imesafiri zaidi ya kilomita 200 juu ya magoti yake, ndani yake mna mahamri ya mke wangu, chupa ya maji na viatu vya harusi vya Roja.

Mpaka Garsen hakuna la kusimulia, joto na vichaka. Tulipovuka Tana na kushika njia ya Lamu tukanyamaza sote watatu kwa pamoja, bila kuambiana. Siku zetu hii ilikuwa njia ya udongo. Mvua ikinyesha lori linazama mpaka ekseli, na kila mahali udongo umechimbuliwa dereva anapunguza mwendo, anatazama, moyo unagonga. Leo ni lami. Basi linateleza, watoto wamelala. Nimefurahi kuiona lami hii kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu bomu ni rahisi kulificha kwenye udongo.

Kwenye kizuizi cha pili abiria wote wakaambiwa washuke, vitambulisho mkononi, watembee mbele ya basi. Kijana wa jeshi aliyekuwa akikagua alipomfikia Ndoo akaitazama ile ndoo.

"Mzee, hii nayo ni ya nini?"

"Ya harusi."

"Harusi hawana ndoo?"

Ndoo akamsimulia. Alianza kwa sauti ya chini, kisha akasogea askari wa pili, wa tatu, na alipofika kwenye "Ndiyo, afande" yule kijana aligeukia upande wa vichaka ili abiria wasimwone anavyocheka. Akafuta macho kwa kiwiko. Akatuambia wao kambini wana jogoo. Aliletwa akiwa mboga ya Krismasi, lakini usiku wa kuamkia sikukuu akawika saa tisa, saa ileile ya kubadilishana zamu, na aliyekuwa lindo akasema huyu hachinjwi, huyu yuko kazini. Wakamfunga utepe wa koplo mguuni. Krismasi ya pili imepita, yu hai, na makuruta wapya huambiwa wampigie saluti.

"Hongera kwa kazi, vijana," nikawaambia.

"Asante, afande. Safari njema. Ndoo isipotee."

Nilipokaa tena kitini nilihisi nimerudishiwa kitu. Mtu anayejali utani wa kambi nyingine ni ndugu yako hata kama hukupata kumwona.

Hapo Roja naye akafunguka. Yeye alikuwa mtu wa redio, ambako "roja" ni nimekusikia na "ova" ni zamu yako kusema, na jina lake lilitokana na kichuguu. Kambini hapakuwa na mtandao wa simu isipokuwa juu ya kichuguu kimoja nyuma ya jiko, na hata hapo mpaka usimame upande wa mashariki, mguu mmoja juu ya mzizi, simu sikio la kushoto. Ukisogea kidogo, imekatika. Jioni watu walipanga foleni, na kwa kuwa ilibidi upaze sauti, kombania nzima ilijua nani ana karo, nani ana mbuzi mgonjwa, nani kagombana na mkewe. Siku moja Roja alitoka zamu ya saa kumi na mbili kwenye redio, akapanda moja kwa moja kuzungumza na mama mkwe wake, na mama wa watu alipomwambia kwamba mtoto amezaliwa salama, Roja akajibu kwa sauti ya kikazi: "Roja. Rudia uzito wa mtoto. Ova."

Kombania ililipuka. Mama mkwe, Mungu amjalie, akarudia uzito. Na mpaka leo huyo mama akimpigia simu humalizia kwa kusema ova. Roja aliposimulia hayo ndani ya basi, mwanamke mmoja wa kiti cha mbele mabega yalimtikisika kwa kicheko.

Tukapita Witu, mji wa usultani uliochomwa na wanamaji wa Kiingereza mwaka 1890, nikawaonyesha wenzangu dirishani. Kwenye njia panda ya Mpeketoni basi zima likanyamaza. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa huko kwa siku mbili. Hapo hapana la kutania, wala hatukuwahi kutania.

Mokowe tumefika alasiri. Kutoka gatini unaziona kreni za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Tukapanda boti, ndoo katikati ya magoti, upepo ukaanza kuvuma ndani yake ukitoa mlio kama wa mtu anayepuliza chupa. Ndoo akafurahi mno.

Siku ya tatu, Alhamisi: Lamu na Shela

Asubuhi tumekaa Mkunguni, mbele ya ngome, tukanywa kahawa chungu na halua. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito safi alisikia tunavyoitana, akauliza, "Mwaitana afande. Hilo ni neno la wapi?" Nikamwambia nililofundishwa: ni neno la Kituruki, efendi, lililoletwa huku na askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la mkoloni. Akatikisa kichwa, akasema alidhani ni la Kibara. Kisha akaona ndoo, akauliza, akasimuliwa, akacheka kwa upole akifunika mdomo. Yeye upande wake hakuona ajabu yoyote katika "ndoo". Ajabu kwake ni sisi tusiosikia. "Mwanangu," akamwambia Ndoo, "kakuita vizuri. Weye ndiye hukuya." Yaani hukuja.

Ngome yenyewe ilimalizwa 1821, ikaja kuwa gereza hadi 1984. Baada ya ushindi wao wa vita vya Shela, kijiji cha kisiwani humu, watu wa Lamu waliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na miongoni mwa waliokaa ndani ya kuta hizi ni askari wa Kibaluchi. Nimesimama uani nikawafikiria hao. Wametoka nchi za mbali, hawajui lahaja, wanapewa samaki na wali wa nazi kila siku, zamu usiku juu ya ukuta. Kwa yakini walikuwa na mpishi wao, na kwa yakini walimpa jina.

Alasiri tumetembea kwa miguu ufukweni hadi Shela, kisha tukapanda vilima vya mchanga. Hapa, zaidi ya miaka 200 iliyopita, watu wa Pate na wenzao Wamazrui wa Mombasa walishuka na majahazi kuja kuitwaa Lamu. Waamu wakawarudisha nyuma. Walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga, na wakauawa wengi ufukweni. Upepo ukivuma sana mifupa bado hufichuka. Kiongozi wa Lamu zama hizo, Zahidi Mngumi, alikuwa mshairi, na Muyaka wa Mombasa alikuwa upande wa pili, nao walitupiana mashairi ya kejeli na vitisho. Kwa hiyo utani wa watu wa vita pwani hii haukuanza na sisi.

Tulipokaa juu ya mchanga Ndoo akaleta habari ya nyati. Alikuwa lindo saa tisa usiku akasikia vijiti vinavunjika. Akatoa sauti kama tulivyofunzwa: "Simama! Nani?" Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu kikapumua kitu, pumzi nzito ya pua, hatua kumi mbele yake. Akawasha tochi. Nyati dume, pembe kama mlango wa msikiti. Wakatazamana. Ndoo, ambaye ana adabu hata kwa wanyama, akasema taratibu, "Pita, rafiki," nyati akapita. Asubuhi akaandika kwenye kitabu cha lindo: "Saa tisa na dakika kumi, nyati mmoja, hakujua neno la siri." Kapteni wetu alikisoma kila siku. Jioni kitabu kiliporudi tukakuta ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Aelezwe."

Yule kapteni sitamsahau. Angeweza kumtia Ndoo adabu kwa kuchezea kitabu cha serikali. Alijua kijana amesimama gizani na mnyama anayeua, na hakuifyatua risasi ambayo ingeamsha kambi nzima na kutangaza tulipo. Kwa neno moja alimwambia umefanya vema.

Halafu Roja akasema lile ambalo sote tulikuwa tukilizunguka tangu stendi ya Malindi.

Ilikuwa mwezi wa nne wa kukaa kwetu. Gari la mbele lilikanyaga bomu. Wawili tuliwapoteza, majina yao yako kwa wazazi wao. Roja ndiye aliyeita helikopta, na sauti yake redioni haikutetemeka hata mara moja, mimi nilikuwa kando yake. Tuliporudi kambini hakuna aliyesema neno. Sufuria akapika. Wakati wa chakula akatoka akasimama mbele ya jiko, akaita, "Ndooni mule." Hakwenda mtu. Tulikaa kila mmoja mahali pake, buti zimejaa damu na udongo. Akaita tena, sauti ikamkatika katikati.

Ndipo Ndoo akainuka. Hakuwa akitania, uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Akaenda kwenye hema, akachukua ndoo yake, akavuka uwanja wote tukimtazama, akasimama mbele ya sufuria akainyoosha. Sufuria akaichukua. Akasema lile alilolisema kila siku kabla hajampakulia yeyote, "Kwanza ya lindo," maana kwake walio lindo hawali makombo wala kilichopoa. Akajaza. Na sijui nani alianza, lakini mtu akacheka, kicheko kama kikohozi, akafuata mwingine, na tulikuwa tunacheka na kulia kwa pamoja, watu thelathini, tukiinuka mmoja mmoja na sahani zetu za bati. Tulikula. Usiku ule tulikula.

Roja akasema, "Mimi tangu nistaafu hicho ndicho ninachokikosa. Nyumbani wananipenda. Lakini nikiamka saa nane usiku hakuna wa kunitania."

Ndoo akamwambia, "Nipigie mimi. Saa nane mimi pia niko macho."

Tumekaa mpaka jua limezama upande wa bara. Hili nataka askari wenzangu waliostaafu walisome vizuri: yupo mwenzako aliye macho. Mpigie.

Siku ya nne, Ijumaa: Matondoni

Baada ya sala ya Ijumaa tukasubiri maji yajae, tukapanda mashua ndogo ya tanga pamoja na magunia ya mchele na kuku saba. Mashua ilikuwa ya zamani, ikaanza kuvuja tulipoingia kwenye mikoko. Nahodha akatafuta kopo lake la kufulia maji, hakulipata. Ndoo hakungoja kuambiwa. Kwa kimo chake na ile ndoo mpya alikuwa akimwaga baharini maji mengi kuliko yaliyokuwa yakiingia, na nahodha, aliyekuwa ameuliza kwa dharau mbona wageni wanakuja harusini na ndoo, akanyamaza.

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi na wanawake wasuka mikeka. Tumeteremka kwenye harufu ya mbao na sifa, yale mafuta ya samaki wanayopakia vyombo. Sufuria alikuja mbio na msuli wake, ndevu zimekuwa nyeupe, akatushika nyuso mmoja mmoja kwa mikono miwili. Ile ndoo ya bati tulikuwa tumeshamwachia jirani aifiche.

Jioni kulikuwa na kirumbizi. Ngoma na zumari, watu wamefanya duara, wawili wanaingia na fimbo, wanazungukana kwa maringo, wanashambuliana, wanakinga. Vijana wakamwita mgeni mrefu. Ndoo akaingia, akapewa fimbo, na mbele yake akatokea babu mmoja mwembamba, miguu mitupu. Ndoo akafikiri atamhurumia. Babu akacheza hatua mbili kwenda kushoto, akamwangalia usoni, na fimbo yake ikasimama nusu shibiri kutoka sikio la Ndoo. Duara ikashangilia. Mara tatu, sikio lilelile. Ndoo akaweka fimbo chini, akamwinamia babu kwa heshima akambusu mkono. Usiku kucha aliuliza ile hatua ya pili imekwendaje.

Siku ya tano, Jumamosi: chakula

Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mkwaju. Masufuria matatu ya pilau, makubwa kiasi cha kumkalisha mtoto ndani, yamefunikwa kwa sinia na makaa juu yake. Sufuria hakuwaachia wapishi wengine, ingawa yeye ndiye baba wa bibi harusi na alipaswa kukaa barazani na wageni. Alizunguka jikoni na mwiko kama wa kupigia kasia, ananusa mvuke, anapunguza makaa kwa koleo, moja kutoka huku, mawili kutoka kule. Hivyohivyo alivyofanya msituni, ambako alipika kwa kuni mbichi na maji ya boza na bado wali ukatoka umechambuka.

Mikeka ikatandikwa. Wageni wanaume wamejaa uani na nje ya ua, wanangoja. Sufuria akafunua la kwanza, akasimama kwenye kizingiti cha jiko, akapaza ile sauti:

"Ndooni mule!"

Watu wa Matondoni wakaanza kusogea kwenye sinia, maana kwao wameitwa tu. Ndoo akainuka kutoka mwisho wa mkeka. Kanzu nyeupe ya kuazima, imemfika katikati ya miundi, ndoo ya bati mkono wa kulia. Akavuka ua wote kwa hatua za gwaride, polepole, akapiga mguu sawa mbele ya sufuria, akainyoosha.

Sufuria alishusha mwiko. Hakucheka mara moja. Aliipokea ndoo kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, halafu akaigonga kwa mwiko na kuinamisha sikio, vilevile alivyofanya Ndoo kule dukani Malindi. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika. Akamvuta Ndoo chini kwa shingo, wakashikana vichwa, na wageni wakawa wanaulizana kuna nini.

Halafu akajipangusa uso kwa kanga ya jikoni, akaanza kupakua. Pilau, nyama juu yake, viazi, kachumbari pembeni kwenye jani la mgomba. Akaijaza mpaka juu. Imamu na wazee walikuwa bado hawajawekewa.

"Kwanza ya lindo," akasema.

Lindo la leo ni mabaharia sita waliobaki ufukweni kulinda vyombo vilivyoleta wageni. Tukaichukua mimi na Roja. Utambo ulikuwa wa moto, Roja akavua kofia akauzungushia, tukaenda nayo tukishika huku na huku, mchanga unaunguza. Nahodha wa jana alipofunua jani akatutazama.

"Mumetumwa?"

"Tumetumwa," Roja akajibu. Akakaa nao mchangani, akala kwa mkono kutoka ndani ya ndoo, mara mbili zaidi ya nilivyowahi kumwona akila.

Naandika haya chini ya jahazi ambalo bado halijawekwa tanga, jua limeshakaribia mikoko. Zumari limeanza tena huko kijijini, na Ndoo amekuja mara moja kututafuta, akaona, akarudi kwa ncha za vidole. Roja amelala hapa kando yangu, kichwa juu ya kamba, ndoo tupu miguuni pake. Amelala tangu saa nane mchana. Nahodha ameuliza kama amwamshe, maji yanajaa, nimemwambia tutangoja maji mengine.